Chama cha Ushirika cha Mkoa: Kazi Iliyo Mbele Yetu



Katika mkutano mkuu ujao litaletwa neno ambalo halijapata kuletwa mbele ya Chama chetu. Neno lenyewe ni hili: kwamba sisi watumishi tuwasaidie wakulima wa mkoa wetu wa Njombe kuanzisha chama cha ushirika cha mkoa, kitakachowakutanisha na wanunuzi wa mazao yao ya chakula. Wako watakaouliza, "Jambo hili latuhusu nini sisi tunaopokea mshahara kila mwisho wa mwezi?" Kwa sababu hiyo tumeona vyema tuandike mapema, ili kila mtu aje mkutanoni akiwa amekwisha kulipima moyoni mwake, asije akainua mkono kwa kumfuata jirani aliyeketi karibu naye.

Kwanza na tujibu swali hilo. Ni nani kati yetu asiye na baba, mama, mjomba au shangazi mwenye shamba? Ni nani aliyeingia shule kwa fedha isiyotoka katika gunia la mahindi au la viazi? Kalamu tuliyoishika leo ilinunuliwa kwa jembe. Na hata sasa, mwaka ukiwa mbaya na bei ikianguka, barua na simu za nyumbani huja kwetu zikiomba msaada, na mshahara ule tunaousema kuwa ni wetu hugawanyika kabla haujatoka mfukoni. Basi hasara ya mkulima ni hasara yetu, tupende tusipende.

Mwandishi wa maneno haya alikuwa nyumbani kwa likizo wakati wa kuvuna viazi. Alikuja mnunuzi mmoja na gari lake, akaleta na magunia yake mwenyewe. Viazi vya mama yake mwandishi vikatiwa ndani mpaka mdomo wa gunia, kisha gunia likaongezwa kilemba juu yake na kushonwa kwa kamba, hata likawa kama mtu aliyejitwika mzigo kichwani. Hiyo ndiyo lumbesa, na hapana mtu wa mkoa huu asiyeijua. Fedha ililipwa kwa hesabu ya magunia, si kwa kilo. Gari lilipoondoka lilibaki gunia moja lililokosa nafasi. Tukaazima mizani kwa mwenye duka, tukalipima. Lilikuwa kilo 134.

Sheria ya vipimo yasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Basi fanyeni hesabu wenyewe. Siku ile yaliuzwa magunia 12. Ikiwa kila moja lilikuwa kama ndugu yake aliyebaki, ziada ya kilo 34 mara 12 ni kilo 408, yaani magunia manne na zaidi yaliyotolewa bure, pamoja na mbegu yake, mbolea yake, na mgongo ulioinama kuyapalilia. Mwandishi alipomwuliza mama yake kwa nini akubali jambo lile, alijibu kwa upole: "Mwanangu, nikikataa atakwenda kwa jirani, na viazi vyangu vitaozea hapa mlangoni." Mtoto aliyesomeshwa hesabu mpaka sekondari alisimama pale, asiwe na neno la kujibu.

Tunaomba mlitazame jibu lile la mama. Hakusema kwamba hajui kuwa anapunjwa. Anajua sana. Wengi wetu tumezoea kusema kwamba mkulima huonewa kwa ujinga wake, na kwamba dawa yake ni kufundishwa tu. Si kweli. Mkulima huonewa kwa sababu tatu, na ujinga haumo. Ya kwanza, huuza peke yake, naye mnunuzi ana mamia ya milango ya kubisha. Ya pili, hawezi kungoja, kwa kuwa ada ya shule na deni la mbolea havingoji, wala kiazi hakingoji. Ya tatu, hana mizani yake, wala hana mtu wake sokoni wa kumwambia bei ya leo ni ipi. Bei huisikia kwa yule yule anayetaka kununua. Mtu mwenye udhaifu wa namna hii tatu, hata angekuwa na elimu ya mwalimu mkuu, angeuza lumbesa.

Na tusidhani kwamba mnunuzi naye yu katika raha tupu. Mnunuzi mwema, anayetaka kujaza gari moja la mahindi ya kupeleka Dar es Salaam, yampasa kuzunguka nyumba arobaini au hamsini, kulipa madalali njiani, na mwisho kupata mahindi mchanganyiko, haya makavu, haya mabichi, haya yametobolewa na wadudu. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mahindi Makambako, lakini hutaka mahindi safi na makavu, na kipimo kinachojulikana katika Afrika ya Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mkulima mmoja mwenye magunia sita hana chombo cha kupima unyevu, wala hana gari. Shule za bweni na hospitali zahitaji maharage na viazi kila juma, lakini mkuu wa shule hawezi kuandikiana na watu mia mbili. Basi wako watu wawili wanaotafutana gizani, na katikati yao amesimama wa tatu anayelipwa na kila upande kwa sababu ya giza lile.

Jambo hili la wakulima kujiunga si geni katika nchi yetu. Katika Kilimanjaro, mwaka 1925, wakulima Waafrika wa kahawa waliunda chama chao, na rais wake wa kwanza alikuwa Joseph Merinyo, mtu wa kalamu na daftari kama sisi. Walowezi wengi wa Kizungu hawakupenda Mwafrika alime kahawa, nacho chama kile kiliwalinda wenye mashamba madogo, kikawauzia kahawa yao kwa pamoja. Sheria ya vyama vya ushirika ilipotungwa mwaka 1932, kazi ile ikachukuliwa na chama kikuu kilichoandikishwa mwaka 1933, ambacho watu wote wakijua kwa jina la KNCU. Jirani zetu wa Songea walifuata mwaka 1936 kwa ajili ya tumbaku, wakaunda chama cha Wangoni na Wamatengo.

Mfano ulio karibu zaidi na haja yetu ni ule wa pamba ya Usukuma. Baada ya vita kuu ya pili wakulima walichoka kupunjwa katika vituo vya kununulia pamba. Hawakuanza kwa kujenga kiwanda, wala kwa kununua magari. Walianza kwa mizani. Waliweka watu wao wenyewe, wapimaji waliolipwa na wakulima, wasimame vituoni na kupima pamba kabla mnunuzi hajaigusa. Kutokana na mbegu hiyo ndogo, chini ya Paul Bomani na wenziwe, vilizaliwa vyama vya msingi vingi, navyo vikaunganishwa mwaka 1955 katika shirikisho la Victoria lililotajwa kuwa miongoni mwa makubwa ya Afrika. Tunaomba wanachama walikumbuke neno hili: ushirika ule mkubwa ulianza na mtu mmoja, mizani moja na kitabu kimoja.

Lakini tungekuwa waongo kama tungesimulia ushindi tu na kuficha maanguko. Mwaka 1937, huko huko Kilimanjaro, wakulima walivunja maghala ya vyama vyao wenyewe. Kwa nini? Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka. Nao walilazimishwa kwa amri kuuza kupitia chama, na hawakuona kwamba chama ni chao. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalum ya kuchungua vyama vya ushirika vya nchi nzima, nayo ikakuta wanachama wasiojua haki zao, upungufu wa watumishi wenye ujuzi, udanganyifu, na siasa kuingilia kazi ya biashara. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kabisa, na mazao yakakabidhiwa mamlaka za Serikali. Mambo hayakuwa mema, hata sheria ya mwaka 1982 ikaurudisha ushirika. Wazee wetu wanayakumbuka hayo. Ndiyo maana mtu akilitaja neno "ushirika" barazani, mzee mmoja hucheka kidogo na kuuliza, "Safari hii ataondoka nazo nani?"

Swali la mzee huyo ni la haki, nasi hatuna ruhusa ya kulikasirikia. Jibu lake haliko katika hotuba. Liko katika vitabu vya hesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Vyama vingi havikuuawa na adui wa nje; viliuawa na stakabadhi isiyoandikwa, na fedha iliyokaa usiku mmoja nyumbani kwa mtunza fedha, kisha usiku wa pili, kisha ikazoea. Na hapa ndipo jambo hili linapotuhusu sisi kuliko watu wengine. Mkulima anayo ardhi na nguvu. Mnunuzi anayo fedha na gari. Sisi tunacho kitu ambacho wote wawili wanakikosa: tumefundishwa kuandika jambo siku lilipotendeka, kutia tarehe, kutia sahihi, na kufunga hesabu jioni. Tunaifanya kazi hiyo kila siku kwa mali ya Serikali. Je, hatuwezi kuifundisha kwa ajili ya mali ya mama zetu?

Sasa yafaa tuseme neno lililo chungu. Wako kati yetu, nao si wachache, ambao wakati wa mavuno huenda vijijini na mshahara wao, wakanunua mahindi ya jamaa zao kwa bei ya njaa, wakayaweka ndani na kuyauza mwezi Januari kwa bei mara mbili. Wako wanaotoa fedha mashambani kungali na maua, wakavuna wasipopanda. Wanaliita jambo hilo msaada. Hatutaji jina la mtu, wala hatusemi kwamba biashara ni dhambi. Lakini mtu hawezi kukaa katika kamati ya kumtetea mkulima asubuhi, na jioni akaenda na gunia lake la kilemba. Ikiwa Chama chetu kitaingia katika kazi hii, kila mwanachama atakayechaguliwa kusaidia hana budi kutangaza mbele ya mkutano kama ananunua mazao, na akiwa ananunua, akae kando. Mtu asiyeweza sharti hilo na abaki mwanachama mwema wa Chama chetu katika mambo mengine.

Basi tunachokipendekeza ni hiki, na tumekiandika kwa ufupi ili kijadiliwe.

La kwanza: tusianze na chama cha mkoa, ijapokuwa ndilo jina tulilolitaja. Nyumba haianzwi na paa. Tuanze na vyama vya msingi, vilivyopo na vitakavyoandikishwa kwa Mrajis kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013, katika vijiji vichache ambavyo watu wake wenyewe wamevitaka. Vikiisha kusimama msimu mmoja au miwili, na hesabu zao zikawa safi, ndipo viungane kuwa chama cha mkoa.

La pili: tuanze na mahindi na maharage, kisha viazi. Mahindi yaliyokauka vizuri yaweza kungoja ghalani, na kungoja ndiko nguvu ya muuzaji. Viazi havingoji, basi gunia la kiazi lisichimbwe kwa ajili ya soko kabla mnunuzi hajapatikana na kuandikiana na chama kwa kilo, si kwa gunia. Tukianza na zao lioza, tutashindwa katika mwezi wa kwanza, na watu watasema ushirika umeshindwa, kumbe ni kiazi kilichoshindwa.

La tatu: kila chama kiwe na mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, nayo iwekwe mahali pa wazi, hata mwanamke aliyeleta debe moja aone kwa macho yake. Stakabadhi iandikwe nakala tatu: moja ya mkulima, moja ya chama, moja ya ghala. Uzito uandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Makarani wenzetu mnajua kwa nini: tarakimu 1 huweza kugeuzwa ikawa 7, lakini neno halibadiliki kwa urahisi.

La nne: mkulima alipwe mara mbili. Akileta mazao apewe malipo ya kwanza, ya kumwezesha kulipa ada na deni. Yakiisha kuuzwa, apewe malipo ya pili, baada ya kukatwa gharama ya gari, ghala, magunia na ushuru mdogo wa chama. Hesabu ya makato ibandikwe ukutani kwa Kiswahili chepesi. Asiyejua kusoma asomewe, tena mbele ya watu. Fedha ya malipo ya kwanza ndiyo iliyo ngumu kuliko yote. Itatokana na hisa za wanachama, na mkopo wa benki ukiwekewa dhamana ya mazao yaliyomo ghalani, kama sheria ya stakabadhi za ghala ya mwaka 2005 inavyoruhusu. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kile kiwe na mfuniko.

La tano: sisi watumishi tusishike fedha. Kazi yetu iwe kufundisha vijana wa vijiji vyenyewe kuandika daftari la wanachama, daftari la mapokezi, kitabu cha fedha na leja. Kuwasaidia kuandikiana na shule, hospitali na wanunuzi wa mjini. Na kupeleka habari za bei kila juma, jambo ambalo kwa simu za siku hizi halihitaji hata stempu. Kura iwe ya wakulima, mtu mmoja kura moja, mwenye ekari ishirini sawa na mwenye robo ekari. Baada ya miaka miwili tutoke, tukiwaachia vijana wale kazi yao. Karani asiyejua kutoka huwa bwana mpya. Na kila mmoja wetu, kabla hajajitoa, amwulize mkuu wake wa kazi na azisome kanuni za utumishi, asije akaingia katika jambo jema kwa mlango mbaya.

Wengine watasema wanunuzi wakubwa watatususia, gari zisije. Yawezekana kwa majuma machache. Ndiyo sababu tumesema tuanze na zao linaloweza kungoja, na tuwe na wanunuzi zaidi ya mmoja kabla ya kuvuna. Wengine watasema wakulima wenyewe ni wepesi wa kukimbia. Akija mlanguzi na bei ya shilingi kumi zaidi, watauza kando na kuliacha ghala tupu. Hili ni kweli, nalo ndilo jaribu kubwa. Lakini tukumbuke mwaka 1937. Dawa yake si amri wala askari. Dawa yake ni malipo ya pili yaliyotoka siku iliyosemwa, kwa hesabu iliyosemwa. Mkulima akiisha kuyapokea mara moja, mlanguzi atapata kazi ya kumshawishi.

Wasomaji wetu wakumbuke pia kwamba watumishi waliotutangulia walipokutana Tanga mwaka 1922 na kuunda chama chao, Martin Kayamba akiwa kiongozi wao, hawakuwa na mali. Walikuwa na elimu ndogo waliyopewa, na nia ya kuitumia kwa pamoja. Sisi tuna elimu zaidi yao, na mishahara yetu, ingawa twalalamika, inatoka kila mwezi. Itakuwa aibu kama habari zetu zote katika kurasa hizi zitakuwa za vyeo, uhamisho na nyongeza ya posho, huku nyuma ya ofisi zetu magari yakipita usiku yamebeba lumbesa za wazazi wetu.

Hatuwaombi mwamini kila neno tulilolisema. Twawaomba jambo moja kabla ya mkutano. Kila atakayekwenda nyumbani mwisho wa juma achukue mizani, apime gunia moja lililo tayari kwa mnunuzi, aandike kilo zake katika karatasi na jina la kijiji, bila jina la mtu, na aje nayo. Karatasi hizo tutazisoma mbele ya mkutano moja baada ya moja, kabla mtu yeyote hajasimama kuhutubu. Kisha tupige kura.

Asiyekuwapo na lake halipo. Njoni nyote.